Dubai hadi Guangzhou: mbona kwenda masaa kumi na moja, kurudi manne?

Mama mdogo wangu anauza taa Kariakoo. Miaka yote amekuwa akiagiza mzigo kupitia watu, safari hii ameamua aende mwenyewe: Dar es Salaam hadi Dubai, Dubai hadi Guangzhou, kisha gari hadi Guzhen, mji ambao taa zenyewe hutengenezwa. Tiketi ilipoingia kwenye simu yake alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka, kama mtu anayelipa deni dogo ili afikie kubwa.

"Hebu nisaidie, mwanangu. Hapa Dubai kwenda China ni masaa kumi na moja na ushee. Kurudi ni masaa manne na dakika arobaini na tano. Kwani wakati wa kurudi tunateremka mlima?"

Nilicheka, lakini kwa alichokuwa anakitazama, hesabu yake haikuwa na kosa. Kipande cha kwenda kiliandikwa: kuondoka Dubai 10:20, kufika Guangzhou 21:45. Cha kurudi: kuondoka Guangzhou 00:15, kufika Dubai 05:00. Ratiba hubadilika kila msimu, kwa hiyo zichukue kama namba za mfano tu. Toa ya kwanza kwenye ya pili, utapata kile kile alichopata yeye. Ukimuuliza wakala wa tiketi atakwambia ni masaa saba na nusu. Aliyerudi juzi kutoka huko atakwambia karibu tisa. Rubani mwenyewe, akishika kipaza sauti, atasema masaa sita na dakika hamsini. Wote hao wanasema kweli.

Neno moja kabla sijaendelea. Humu nitaandika "masaa" kwa muda unaopita, na "saa" kwa kile kinachosomwa ukutani. Walinzi wa sarufi wanataka "saa" kote, nami nawaheshimu, ila ukimwambia msafiri "ndege ni saa saba" hujui kama amesikia inaondoka mchana au inakaa hewani muda gani. Mkanganyiko wenyewe ndio huo.

Tuanze na ukuta. Dubai iko mbele ya Greenwich kwa masaa 4, Guangzhou kwa masaa 8, na hakuna kati yao anayesogeza saa mbele au nyuma kwa ajili ya majira ya joto kama wafanyavyo Wazungu. Tofauti yao basi ni masaa 4, Januari hadi Desemba. Tiketi, kwa desturi ya dunia nzima, huandika saa ya mji ambao ndege iko wakati huo: ya kuondokea kwa saa ya Dubai, ya kufikia kwa saa ya Guangzhou. Kwa hiyo kwenye yale masaa 11 na dakika 25 ya mama mdogo kuna manne ambayo hakuna aliyeyasafiri, ni mishale tu imesogezwa. Yaondoe, yanabaki masaa 7 na dakika 25. Wakati wa kurudi mishale inarudishwa nyuma, na hapo tiketi imekuficha masaa 4. Yaongeze kwenye 4 na dakika 45, unapata masaa 8 na dakika 45.

Mlima, kumbe, uko upande wa pili. Kurudi ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi, kwa saa nzima na dakika 20. Nitaufikia huo mlima.

Masaa hayo manne nayo hayapotei kwa mpangilio mzuri. Ukikaa dirishani ukafuata nchi zinazopita chini, Pakistan iko mbele ya Dubai kwa saa moja, India kwa saa moja na nusu, Nepal kwa saa moja na dakika 45 (nchi ndogo, msimamo mkubwa), Bangladesh masaa mawili, Myanmar mawili na nusu. Kisha unavuka mpaka kuingia China na saa inaruka saa moja na nusu kwa mkupuo. Sababu ni kwamba tangu 1949 China yote, kutoka milima ya magharibi hadi bahari ya mashariki, hutumia saa moja tu, ile ya Beijing. Nchi yenye upana huo, kama ingefuata jua, ingegawanyika kanda tano.

Jua lenyewe halifuati amri ya Beijing, na hapo ndipo abiria hushtuka. Chukua safari ya mwezi Machi, usiku na mchana vikiwa karibu sawa. Umepaa Dubai asubuhi, umekula, umesinzia kidogo, saa yako ya mkononi bado ya Dubai inasema saa tisa na nusu alasiri. Ukifunua dirisha, jua linazama. Uko juu ya kaskazini ya Myanmar na magharibi imeingia, wakati kwa saa uliyovaa hata alasiri haijakaa sawasawa. Ndege imekimbia kulipa jua kisogo, na mchana wako umekatwa upande wa jioni. Wakati wa kurudi ni kinyume: umepaa usiku wa manane na unakimbilia magharibi, upande ule ule usiku unakokwenda. Jua ulilolisindikiza Guangzhou saa kumi na mbili na nusu jioni hutaliona tena mpaka litokeze Dubai, baada ya giza la karibu masaa 16. Tumbo halijui habari hizi, litadai chai palepale lilipozoea.

Kuna jambo jingine ambalo nalipenda mno kuliacha, ingawa halimsaidii mtu kuwahi ndege. Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura ziko masaa 2 mbele ya Greenwich, yaani nyuma ya Guangzhou kwa masaa 6 kamili. Na sita ndiyo tofauti kati ya namba iliyoandikwa kwenye saa na namba tunayoitamka kwa Kiswahili. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Goma anaweza kutua Guangzhou bila kugusa saa yake ya mshale. Asubuhi mji unaposoma 10:00, mshale wake umesimama kwenye 4, na kwa Kiswahili hiyo ni saa nne asubuhi. Asome tu namba kama ilivyo. Sisi wa Dar na Nairobi tumeikosa bahati hiyo kwa saa moja.

Sasa umbali. Ukipima kati ya viwanja viwili vya ndege, kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, Dubai na Guangzhou zimeachana kwa takriban kilomita 5,830. Ukikutana na mtu anayesema maili 3,620, na mwingine maili 3,150, usiwagombanishe: wa kwanza anahesabu maili ya barabarani yenye mita 1,609, wa pili maili ya baharini yenye mita 1,852, ambayo marubani walirithi kwa mabaharia na hawajaiachia hadi leo.

Maneno "njia fupi kuliko zote" yana mtego. Chukua chungwa, weka alama mbili kwa kalamu, moja kushoto moja kulia, zote juu kidogo ya kiuno cha chungwa. Vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Utaona uzi haufuati mstari wa usawa wa kiuno, unapanda kidogo kuelekea kikonyo kisha unashuka. Ramani ya ukutani ni ganda la chungwa lililobandikwa kwa nguvu, ndiyo maana juu yake njia fupi huonekana imepinda kama uta na njia ndefu huonekana imenyooka. Kwa miji yetu miwili, ambayo yote iko karibu na latitudo ya 23 au 25 kaskazini, uta huo hupanda hadi kupita latitudo ya 27, ukikatiza mashariki ya Nepal chini ya kilomita 100 kusini ya mlima Everest. Na faida yake? Kama kilomita 40 tu ukilinganisha na kunyoosha kwenda mashariki. Kadiri miji inavyokaa kaskazini zaidi na kuachana zaidi, ndivyo uta unavyopinda na faida inavyokua. Hapa ni chenji.

Na ndege zenyewe huwa hazichukui hata hiyo chenji, nyingi hukaa kusini zaidi ya uzi wa chungwa. Milima inahusika. Si kwamba ndege haiwezi kupita juu ya Himalaya, maana Everest ina mita 8,849 na jeti huruka mita 10,000 hadi 12,000. Shida ni siku ambayo hewa ya ndani imevuja. Rubani anatakiwa ashuke upesi hadi kama mita 3,000, mahali ambapo binadamu anapumua bila msaada, na vile vifuniko vya manjano vinavyodondoka kutoka darini hutoa oksijeni ya robo saa hivi. Juu ya uwanda wa Tibet, wenye wastani wa zaidi ya mita 4,500, hizo mita 3,000 ziko chini ya ardhi. Ndege zinazopita huko hubeba oksijeni ya ziada na huwa zimepangiwa mapema mahali pa kukimbilia. Wengi huona ni nafuu kuzunguka.

Halafu kuna siasa ya anga. Sehemu kubwa ya anga la China iko mikononi mwa jeshi, na ndege za abiria hupitishwa kwenye vichochoro vyenye milango maalumu ya kuingilia. Ukifika mlangoni unabadilisha hata kipimo: huku nyuma urefu wa kuruka ulipangwa kwa futi, China hupanga kwa mita, na rubani huifuata amri ya mita kwa kutazama jedwali la futi. Upande wa magharibi nako, India na Pakistan zikikosana, wa kwanza kujua ni abiria. Februari 2019 Pakistan ilifunga anga lake, na njia zake hazikufunguka zote hadi Julai mwaka huo. Ndege zilizozoea kukatiza juu yake zikalazimika kuzungukia Bahari ya Arabu. Kwa hiyo zile kilomita 5,830 ni za vitabu. Njia inayorukwa kweli hupita kilomita 6,000, na siku mbili zinazofuatana huenda zisilingane.

Turudi kwenye mlima wa mama mdogo. Kwa nini kurudi kunazidi kwenda kwa zaidi ya saa nzima, ilhali umbali ni ule ule?

Kuna jibu ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma: dunia inazunguka, kwa hiyo ukiruka juu unaiacha ikuletee mji. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, na pale Dubai ardhi inakwenda kama kilomita 1,500 kwa saa. Lakini kama hoja hiyo ingekuwa na ukweli, Dubai ingekuja kumpokea mtu anayetoka China, na kurudi kungekuwa kufupi. Ni kinyume. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa, kama nzi ndani ya daladala: akiruka kutoka kiti cha nyuma kwenda cha mbele hagongwi na kioo cha nyuma.

Jibu ni upepo. Aliyewahi kusafiri kwa jahazi hahitaji kufundishwa hapa, kwani wazee wa mwambao hawakuhesabu safari ya Zanzibar hadi Muscat kwa maili, waliuliza kama kusi imeshaanza. Juu kabisa, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, palepale jeti zinapopendelea kuruka, kuna mikondo ya upepo kama mito, myembamba na yenye kasi, inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mmoja wa mito hiyo, wakati wa baridi, hukaa kusini ya Himalaya juu ya kaskazini ya India, karibu kabisa na njia yetu. Ukienda mbele hadi juu ya Japani unakuwa mkali zaidi, unaweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Chanzo chake, kwa lugha ya mkato, ni huo huo mzunguko wa dunia, ila kwa mlango wa nyuma. Kwenye ikweta ardhi na hewa yake vinakwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Hewa hiyo ikipashwa joto hupanda, kisha hutawanyika kuelekea kaskazini na kusini. Ikifika latitudo ya 30, inakuta ardhi ya huko ina kasi ya kama kilomita 1,450 tu. Hewa imekuja na mwendo wa kwao, hivyo inaipita ardhi. Aliye chini anaona upepo mkali unaoelekea mashariki.

Mtu wa mwanzo kuupima vizuri alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa aliyerusha maputo kutoka kituo cha Tateno na kuyafuatilia kwa darubini katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 alichapisha matokeo yake, na ili dunia nzima isome akayaandika kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya watu wote. Dunia nzima haikusoma. Mwishoni mwa 1944 marubani wa Marekani waliokwenda kupiga mabomu Tokyo walijikuta wanasukumwa na upepo ambao hawakuutarajia, wakati maelezo yake yalikuwa yameshachapwa miaka 18 nyuma katika lugha ambayo hawakuijua.

Tuweke hesabu. Tuseme njia ni kilomita 6,000, na ndege ina mwendo wa kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa tulivu. Bila upepo, ni masaa 6 na dakika 40 kila upande, jumla masaa 13 na dakika 20. Sasa leta upepo wa kilomita 100. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unakuwa 1,000, unafika kwa masaa 6. Kurudi ni 800, unafika kwa masaa 7 na nusu. Jumla, masaa 13 na nusu. Angalia: upepo ulikupa dakika 40 wakati wa kwenda, ukakunyang'anya 50 wakati wa kurudi. Haulipi deni lake lote kamwe, kwa sababu anapokusaidia unakaa naye muda mfupi, anapokupinga unakaa naye muda mrefu. Wanaokopa mitaani wanamjua mtu wa namna hiyo.

Haya unaweza kuyaona mwenyewe kwenye kioo kilichoko mgongoni mwa kiti cha mbele. Gusa ramani, tafuta mahali palipoandikwa mwendo juu ya ardhi. Kwenda China wakati wa baridi si ajabu kuona 1,020 au zaidi. Kurudi, kioo kile kile, injini zile zile, ni 780 au 800. Ndiyo maana mwelekezaji wa safari, ofisini, humpangia rubani wa kwenda njia inayoufuata mto huo wa hewa, na wa kurudi humpangia njia ya kuukwepa, hata ikibidi kuongeza kilomita. Kwa ndege, njia fupi ni ile ya muda mfupi.

Msimu una neno lake. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, huwa Aprili na Oktoba, na watu wetu wengi husafiri nyakati hizo. Ukienda Januari, pengo kati ya kwenda na kurudi huwa kubwa zaidi. Ukienda Julai huwa dogo, kwa sababu mvua za masika za India zikianza, ule mto huhamia kaskazini ya Tibet na kuiacha njia yetu ikiwa na upepo wa kawaida.

Zile dakika thelathini na kitu kati ya masaa 7 na dakika 25 ya tiketi na masaa 6 na dakika 50 ya rubani hazina fumbo. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoachia geti mpaka inaposimama kwenye geti jingine, pamoja na foleni ya kupaa, kutembea uwanjani na akiba kidogo ambayo kampuni hujiwekea ili isiitwe mchelewaji. Rubani huhesabu tangu magurudumu yanapoacha lami hadi yanapoigusa tena.

Nilimweleza mama mdogo karibu yote haya, ya chungwa nikayaruka. Lakini kilichonitia wasiwasi kwenye tiketi yake ni ile 00:15 ya kurudi, tarehe 14. Jirani yake dukani aliwahi kuikosa ndege kwa namba kama hiyo: akalala hotelini usiku wa tarehe 13, mchana wa tarehe 14 akanunua zawadi kwa nafasi, na saa tatu usiku akaingia uwanjani na masanduku mawili. Ndege yake ilikuwa imetua Dubai tangu alfajiri. Akanunua tiketi nyingine, na zawadi zikawa ghali.

"Mama mdogo, hii ni saa sita na robo usiku, ya tarehe 14. Ikipita saa sita usiku tu, wao wameshabadilisha tarehe."

"Kwa hiyo uwanjani niende lini?"

"Tarehe 13, saa tatu usiku uwe umeshafika."

Kimya. Nilisikia anatafuta kalamu.

"Si useme usiku wa kuamkia tarehe 14," akasema. "Hilo nalijua tangu nazaliwa. Umenizungusha mpaka Japani."